Kunyimwa viza si kuwekewa vikwazo

Kila zikivuma tetesi kwamba Wamarekani wamemwadhibu mheshimiwa fulani, kwa vikwazo au kwa kumnyima viza, mjadala wa redio za asubuhi hapa Nairobi huwa ni uleule. Mchambuzi wa kwanza anasema Kenya imewekewa vikwazo. Wa pili anauliza iwapo mafuta yatapanda bei. Wa tatu anaitaja The Hague, yaani mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, na basi, mada imekufa hapo.

Tuanze na maana, haraka haraka. Vikwazo vya aina hii ni hatua ambayo serikali inamchukulia mtu wa nchi nyingine, kwa jina lake, kwa madai kwamba ametesa watu, amepora mali ya umma au amehujumu demokrasia, ilhali kwao hakuna anayemgusa. Mali yake iliyo chini ya serikali hiyo inazuiliwa, na raia na kampuni za huko wanakatazwa kufanya naye biashara. Sheria inayotajwa sana ni ya Magnitsky. Sergei Magnitsky alikuwa mtaalamu wa kodi mjini Moscow aliyefichua wizi wa dola milioni 230 za kodi, akatiwa ndani, akafia rumande Novemba 2009. Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2012 ikiwalenga Warusi, kisha 2016 ikaipanua iguse dunia nzima. Uingereza, Kanada na Umoja wa Ulaya wana zao.

Sasa kinachokera. Watangazaji wetu wanachanganya mambo mawili ambayo hata hayatoki katika ofisi moja. Kule Marekani, kuzuia mali ni kazi ya Wizara ya Fedha. Kumzuia mtu kuingia nchini ni kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa sheria nyingine kabisa.

Tazama Uganda mwaka 2024. Mabati yaliyokusudiwa kwa maskini wa Karamoja yaliishia mikononi mwa wakubwa. Mwishoni mwa Aprili, Uingereza ikamwekea Spika Anita Among na mawaziri wawili wa zamani marufuku ya kusafiri kwenda huko na kuzuia mali zao. Mwezi mmoja baadaye Marekani nayo ikamtaja Among kwa tuhuma za ufisadi, ila yenyewe ilimfungia mlango wa kuingia tu. Kwa hiyo mama mmoja, ndani ya wiki chache, aliwekewa vikwazo na London na kunyimwa viza na Washington. Huku kwetu yote mawili yalisomwa kama habari moja.

Hata sisi tuna wetu. Novemba 2019 Marekani ilimpiga marufuku Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kwa miaka 20, pamoja na mkewe na mwanawe, ikitaja tuhuma za ufisadi. Sheria iliyotumika haina kipengele chochote cha kuzuia mali. Wako aliendelea kuketi katika Seneti yetu akiwa Seneta wa Busia. Miezi miwili kabla, Wizara ya Fedha ya Marekani ilikuwa imemtaja Jenerali Kale Kayihura, mkuu wa zamani wa polisi Uganda, chini ya Magnitsky. Hivyo sasa ndivyo vikwazo. Mtu wa namna hiyo anaingizwa katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu: jina, majina mengine anayotumia, tarehe ya kuzaliwa, uraia, pengine hata namba ya pasipoti, na mwishoni alama ya GLOMAG, kifupi cha Global Magnitsky, katika mabano ya mraba.

Na orodha hiyo inauma hadi Nairobi, ingawa benki ya Moi Avenue haiwajibiki kwa Bunge la Marekani. Mfanyabiashara wa Eastleigh akimlipa dola muuzaji wa Guangzhou, malipo hayo kwa kawaida hupitia benki ya New York, na huko kila jina linalinganishwa na orodha. Benki ya hapa ikikutwa inapitisha pesa za mtu aliyetajwa, inaweza kupoteza njia yake ya dola. Itaona heri impoteze mteja mmoja, hata awe jenerali. Kampuni anayomiliki mtu aliyetajwa kwa asilimia 50 au zaidi nayo inahesabiwa imo, hata kama jina la kampuni halijaandikwa popote. Viza haina makali hayo. Aliyenyimwa viza atapeleka watoto likizo Dubai na akaunti zake zitaendelea kupumua.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria ya Marekani ya Desemba 2020 kuhusu Guatemala, Honduras na El Salvador, ambayo ilitaja waziwazi wanaohujumu taasisi za demokrasia, adhabu yake ilikuwa viza tu, si kuzuia mali.

Viza ina jambo jingine: isipokuwa Marekani yenyewe imtangaze mtu, kama ilivyomtangaza Wako na Among, kumbukumbu zake ni siri kisheria. Aprili 2021 Marekani ilipotangaza kuwabana Waganda waliovuruga uchaguzi wa Januari, haikutaja hata jina moja. Basi ukiona kwenye WhatsApp karatasi yenye nembo ya tai na majina 30 ya walionyimwa viza, jua kuna mtu kaketi mahali akaichapa.

Kuhusu nchi kuwekewa vikwazo, Zimbabwe inatosha. Machi 2024 Rais wa Marekani alifuta mpango wa vikwazo uliokuwapo tangu 2003, na siku hiyohiyo Rais Emmerson Mnangagwa wa nchi hiyo akatajwa upya, safari hii chini ya Magnitsky. Sheria ya 2001, inayoibana serikali ya Harare kwenye mikopo ya Benki ya Dunia na IMF, ilibaki palepale. Mtu ni mtu, serikali ni serikali.

The Hague ndiyo haimo kabisa. Hapa hakuna hakimu wala kesi wala hukumu, ni uamuzi wa serikali, na aliyetajwa anaweza kuomba aondolewe. Mswada wa vikwazo unaoletwa na seneta mmoja wa Marekani nao si sheria, mingi ya aina hiyo hufia kwenye kamati.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji, taarifa ikija angalieni kwanza ni wizara gani imeitoa. Ikiwa ni Mambo ya Nje na inazungumzia kuingia Marekani, semeni tu kwamba mheshimiwa amepigwa marufuku kuingia Marekani. Ni habari kubwa vya kutosha hivyo ilivyo.