Mvua haifuti alama za tairi: dhana potofu kuhusu pikipiki na magari kwenye njia za matembezi Nairobi

Mahali pa kupumulia Nairobi ni pachache. Kuna msitu wa Karura, kuna msitu wa Barabara ya Ngong, kuna Oloolua kule Karen, na kwa anayeweza kutoka kidogo nje ya jiji kuna Milima ya Ngong. Njia za huko tunazitumia pamoja: wanaotembea, wanaokimbia, waendesha baiskeli, wapanda farasi, watoto na wazee, na kule milimani wachungaji na ng'ombe wao. Pikipiki za kuruka mabonde au magari ya 4x4 yakiingia humo kinyume cha kanuni, mabishano huzuka, na yapo madai ambayo yamerudiwa mno hadi watu wanayachukua kuwa kweli. Baadhi ni ya kujibiwa kwa sentensi chache. La kwanza linahitaji nafasi, kwa sababu ndilo linalotuharibia zaidi.

“Mvua ikinyesha alama zitafutika, na nyasi zitaota tena.”

Mvua haifuti alama ya tairi. Huichimba.

Udongo ambao haujaharibiwa una matundu madogo yanayopitisha hewa na maji. Gari la 4x4 lenye watu na mizigo huzidi tani mbili, na uzito huo wote unashuka ardhini kupitia sehemu nne ndogo za tairi. Matundu yanafungwa. Sehemu kubwa ya kushindiliwa huko hutokea mara chache za mwanzo gurudumu linapopita, ndiyo maana anayesema “nilipita mara moja tu” hajajitetea. Mara ile ya kwanza ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Udongo ukiwa umelowa, mambo ni mabaya zaidi. Udongo mwekundu wa Karura una mfinyanzi mwingi. Tairi lenye meno makubwa likiteleza juu yake, haliukandamizi tu bali linaupaka. Inama siku moja uangalie alama ya pikipiki iliyopita kwenye tope: kuta zake ni laini, zinang'aa kama ukuta uliopigwa lipu. Chomeka kijiti pembeni, kwenye majani, kinaingia. Chomeka ndani ya alama, kinagoma. Maji nayo yanagoma hivyo hivyo. Badala ya kuzama, yanafuata mtaro ambao tairi limeyaandalia.

Sasa ongeza mteremko. Njia iliyochorwa vizuri hukata mlima kwa mshazari ili maji yatoke pembeni kila baada ya hatua kadhaa. Mwenye injini anayetaka kujipima nguvu hupanda moja kwa moja kuelekea kileleni, na alama anayoacha inakuwa bomba la maji kutoka juu hadi chini. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikiisha, mkwaruzo wa kina cha vidole viwili unaweza kuwa umegeuka mtaro unaomeza mguu. Kwenye Milima ya Ngong, ambako upepo hautulii na ni nyasi zinazoshika udongo, jeraha la namna hiyo haliponi lenyewe. Mbegu haishiki kwenye ardhi ngumu ambayo kila mvua inaiosha upya.

Wanaokuja nyuma nao hawapendi kutembea ndani ya mtaro. Wanapita kando, nyasi za kando zinakufa, njia inapanuka. Njia iliyokuwa ya watu wawili sambamba inakuwa pana kama barabara ya mtaa, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Udongo uliong'oka nao haupotei. Mito ya Karura, kama Gitathuru na Ruaka, inaingia katika mfumo wa Mto Nairobi, kisha Athi, ambao hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Aliyewahi kuona maji ya bahari yalivyo mekundu pale Sabaki baada ya mvua amekwisha kuona udongo wa bara. Mashamba na ujenzi huchangia sehemu kubwa ya tope hilo, sikatai. Lakini msitu kazi yake ni kulipunguza, na tunapoutoboa mitaro tunaugeuza uliongeze.

“Kwenye tambarare hakuna mmomonyoko, kwa hiyo hakuna shida.”

Udongo mweusi wa upande wa Embakasi na wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi una tabia yake. Ukikauka hupasuka nyufa, ukilowa huvimba na kunata, na maji hayazami haraka. Dereva anayekwepa tope kwa kutoka barabarani anafungua njia ya pili, na anayemfuata anafungua ya tatu. Ndani ya mbuga, kuiacha barabara kumekatazwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na sababu si tope pekee: ndege kama kwale hutaga chini kwenye nyasi, mahali ambapo dereva aliyekaa juu ya gari refu hawezi kuona kiota.

“Mbona Rhino Charge wanapita porini kila mwaka?”

Hoja hii huletwa na watu wanaoyapenda magari kwa dhati, na wanastahili jibu la dhati. Rhino Charge, mashindano ya magari ya 4x4 porini, yalianza 1989 kuchangisha fedha za uzio wa umeme kuzunguka misitu ya milima ya Aberdare, na uzio huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika 2009. Eneo la mashindano hubadilishwa, huwa siri hadi siku zikaribie, na hufanyika kwa makubaliano na wenye ardhi. Anayeingiza 4x4 kwenye kijia cha Ngong asubuhi ya Jumapili hajaomba ruhusa ya mtu, anarudi palepale wiki baada ya wiki, na anapita katikati ya familia zinazotembea. Kufanana kwao kunaishia kwenye aina ya gari.

Mwenye hamu ya mchezo huu ana pa kwenda. Kuna vilabu, na kuna mashamba ya watu binafsi ambako mwenyewe anakubali kwa malipo.

“Pikipiki ya umeme haina kelele wala moshi, haidhuru.”

Kwa barabara za jiji, pikipiki za umeme ni neema na natamani ziongezeke. Msituni swali ni jingine. Ardhi haisikii kelele, inasikia uzito na mzunguko wa gurudumu, na mota ya umeme hutoa nguvu zake za kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kusogea. Kwenye tope, hiyo ni njia rahisi ya kufanya tairi lizunguke papo hapo na kuchimba. Halafu kuna usalama. Injini ya petroli angalau hukuonya kabla ya kona. Ya umeme unaweza kuigundua ikiwa tayari nyuma ya mtoto wako.

“Msitu ni wa umma, na mimi ni umma.”

Ni kweli ni wa umma. Karura ilitangazwa msitu wa serikali 1932, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti kuzuia usinyakuliwe. Watu hawakumwaga damu ili mwenye pikipiki yenye nguvu zaidi ajigawie sehemu yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inampa kila mtu jukumu la kushirikiana katika kuhifadhi mazingira, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kutengeneza barabara au njia ndani ya msitu bila kibali. Kijia kipya kilichokanyagwa na magurudumu ni njia, hata kama hakuna aliyeshika jembe.

“Wenye injini ndio pekee wanaoharibu.”

Dhana hii ni ya upande wetu, sisi tunaotembea na kuendesha baiskeli, na tuiseme wazi. Mwendesha baiskeli anayefunga breki ya nyuma kwenye mteremko uliolowa anachimba mtaro pia, mwembamba zaidi. Mwenda kwa miguu anayekwepa dimbwi kwa kupita majanini anapanua njia. Pita katikati ya dimbwi, viatu vitafuliwa. Ukikuta njia imefungwa baada ya mvua kubwa, geuka, hata kama umetoka Rongai au Kasarani alfajiri. Tofauti ya madhara kati ya buti na gari ni kubwa sana, lakini askari wa msitu anayetuona sisi tukiruka kamba atawezaje kumzuia mwenye pikipiki?

“Dawa yao ni kuwawekea magogo na waya.”

Hapana, kabisa. Waya uliofungwa kati ya miti unaweza kumuua mtu, na haumchagui. Anayeupata anaweza kuwa mtoto kwenye baiskeli au askari wa doria. Gogo kwenye kona humwangusha anayekimbia alfajiri kabla ya kumsumbua mwenye pikipiki. Wala usisimame katikati ya njia kumzuia aliye kwenye mwendo. Sogea pembeni, shika watoto, nukuu namba ya usajili ukiweza, saa, na mahali kwa alama inayoeleweka, kama daraja, nguzo yenye namba au makutano ya vijia. Piga picha ya alama zenyewe ardhini, si ya mtu peke yake, maana zinaonyesha ameingilia wapi. Kisha peleka habari hiyo langoni siku hiyohiyo, kwa maafisa wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, au kwa chama cha wanajamii wanaosimamia msitu huo. Mahali pa kuingilia pakijulikana, panaweza kuzibwa kwa vizuizi halali kabla mvua nyingine haijaanza.