HEC-RAS 6 na ardhi inayokunywa maji

Tangu toleo la 6 la HEC-RAS, programu ya kompyuta ya kuiga mito na mafuriko, litoke mwaka 2021, wenzangu wengi wanasifia mwonekano wa pande tatu, maji yanapanda kama kwenye sinema. Kwenye kikao na wakubwa unafaa sana, sikatai. Mimi kilichonifurahisha hakina urembo wowote: mvua ikinyesha juu ya gridi, yaani ramani ya bonde iliyokatwa visanduku vya kuhesabia maji, sasa ardhi inakunywa.

Kwenye matoleo ya 5 uliipa gridi nzima mvua moja, tena uwe umeshaondoa kile kinachozama ardhini. Hesabu hiyo uliifanyia pembeni, kwenye Excel au HEC-HMS, programu dada ya kukokotoa mvua inayogeuka mtiririko. Kwa Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huo ulikuwa mtihani. Maji yanaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, penye miti na mashamba, yanateremka hadi Vingunguti na Jangwani, kwenye mabati na saruji.

Chukua njia ya CN (Curve Number), ile namba inayopanda kuelekea 100 kadiri ardhi inavyokataa maji. Inyeshe milimita 80. Penye CN 70 zinatiririka kama 20 tu. Penye CN 90, zinatiririka 54. Ukiweka wastani wa 80 kila mahali unapata 35, yaani msituni umetia maji yasiyokuwepo na mjini umeyaficha. Sasa unatandaza ramani ya udongo na ya matumizi ya ardhi, kila sehemu inabeba CN yake. Ila kumbuka, CN inapunguza mvua tu. Maji yakishatuama Jangwani, njia hii haiyazamishi tena.

Mvua nayo inaruhusiwa kutofautiana mahali na mahali. Hapo nisiwadanganye, data ndiyo kikwazo. IMERG ya NASA, makadirio ya mvua kutoka satelaiti, inatoa mvua kila nusu saa, lakini kisanduku chake kimoja ni kama kilomita 10 kwa 10, hivyo bonde zima la Msimbazi linaangukia kwenye visanduku vichache. CHIRPS, data nyingine ya mvua inayotumia satelaiti na vituo vya ardhini, ina visanduku vya kama kilomita 5, lakini inakupa jumla ya siku. Kama mvua ilipiga saa moja au kutwa, haikwambii.

Madaraja pia yanaingia ndani ya gridi. Niliweka daraja moja dogo kwa vipimo vya mchoro, modeli ikakesha ikihesabu, kisha nikaenda kulinganisha na alama za tope kwenye kuta za nyumba. Maji ya modeli yalikuwa chini ya alama kwa karibu nusu mita. Mama muuza mkaa akanicheka: “Mwanangu, hilo daraja wewe umeliona wazi lini?” Nikainama kuchungulia. Chupa za plastiki, matawi, godoro zima.

Nikarudi kwenye kompyuta nikaziba nusu ya tundu la daraja. Tofauti imebaki upana wa kiganja.