Usimuulize Waziri Kama Anaona Umuhimu

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwaandalia wabunge maswali. Mbunge analeta malalamiko ya wapiga kura wake, mimi nayageuza kuwa sentensi mbili ambazo ofisi ya Katibu wa Bunge itazipokea na Waziri atalazimika kuzijibu. Rasimu nyingi zinazofika mezani kwangu huanza kwa maneno yale yale: "Je, Serikali haioni umuhimu wa..." Sihitaji kusoma zaidi ili nilijue jibu. Serikali inaona umuhimu. Iliuona mwaka jana, inauona mwaka huu, na mwakani itauona zaidi.

Swali hili linamtaka Waziri aseme anavyoona, na kuona hakumgharimu mtu chochote. Halina fedha ndani yake, halina siku, halina kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukikagua. Ndugu yake wa karibu ni "Serikali ina mpango gani", nalo ni bure vilevile, kwa sababu wizara isiyo na mpango itauandika usiku wa kuamkia siku ya kujibu. "Ni lini" ni afadhali kidogo, maana linadai tarehe. Lakini maafisa wa wizara wana dawa yake ya siku nyingi: "kadri fedha zitakavyopatikana". Hapo tarehe imemezwa, mbunge ameketi, na Spika ameshaita jina linalofuata.

Haki yenyewe ya kuuliza haina utata. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(a), inalipatia Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno mazito hapo ni mawili ya mwisho. Ukimuuliza Waziri wa Afya kwa nini barabara ya kwenda hospitali haipitiki, umempa ruhusa ya kusema hilo aulizwe mwenzake wa Ujenzi, na hatakuwa amekosea. Kenya wamekwenda njia nyingine: tangu Katiba ya 2010 mawaziri hawatokani na wabunge, na ibara ya 153 inawalazimu kufika mbele ya kamati wanapotakiwa na kujibu swali lolote linalohusu kazi yao. Kamati ina raha yake, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuuliza mara kumi mfululizo bila kukatwa na saa. Nikirudi kwenye maswali ya ukumbini, huko unapata nafasi moja au mbili, basi. Ndiyo maana kila neno lina uzito.

Swali la kwanza linalokumbukwa kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721, katika Nyumba ya Malodi, yaani baraza la juu la Bunge hilo. Kampuni ya South Sea ilikuwa imeporomoka mwaka uliotangulia na kuwafilisi watu wengi, na mweka hazina wake, Robert Knight, alikuwa ametoroka. Earl Cowper akasimama akataka kujua kama ni kweli, kama inavyosemekana, kwamba mtu huyo amekamatwa Brussels. Serikali ikalazimika kujibu. Nalipenda swali hilo kwa ufinyu wake. Kukamatwa au kutokukamatwa, basi. Hakuna aliyeulizwa kama anaona umuhimu wa kukamata wezi.

Sasa tuchukue mfano wa kazi. Mbunge anakuja na hili: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kukamilisha mradi wa maji ambao umekuwa kero ya muda mrefu kwa wananchi?" Mimi huanza kwa kumuuliza yeye: unajua nini tayari? Mara nyingi anajua mengi. Anajua Bunge lilipitisha fedha za mradi huo kwenye bajeti. Anajua mkandarasi ameondoa mitambo. Anachoshuku ni kwamba fedha hazikwenda. Basi tunaandika: "Kati ya fedha zilizoidhinishwa na Bunge kwa mradi huu mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani kilikuwa kimetolewa na Hazina kufikia siku ya mwisho ya mwaka huo, na mkandarasi anadai kiasi gani hadi leo?"

Limepoa, sivyo? Halina "kero", halina "wananchi". Mbunge mmoja aliniambia kwamba swali kama hilo halitampigia kampeni. Huenda. Lakini liangalie upande wa afisa anayetakiwa kuandika jibu. Kwenye lugha ya serikali kuna maneno matatu yanayofanana kwa sikio la mpita njia: fedha zimetengwa, fedha zimetolewa, fedha zimetumika. Kutenga ni kuandika kwenye kitabu cha bajeti. Kutoa ni Hazina kuzipeleka wizarani au kwa mradi. Kutumika ni mtu kulipwa kwa kazi iliyofanyika. Jibu lenye "zimetengwa" linaweza kuwa la kweli kabisa wakati bomba halijalazwa hata moja. Ukiuliza kwa neno "zimetolewa", na ukaweka siku, afisa hana pa kupita: ataandika namba, au ataandika sifuri, au ataandika jibu ambalo kila mwenye kusoma ataona limekwepa. Na "hadi leo" linaifungia njia "hivi karibuni".

Kuna jambo la kanuni hapa pia. Kanuni za mabunge mengi hukataa swali lenye hoja, tuhuma au kejeli ndani yake, lililoko mahakamani, au la kudhania tu mambo. Wabunge hulalamika kwamba hizo ni mbinu za kuwalinda mawaziri. Wakati mwingine ndivyo. Ila swali lililovuliwa hoja zake huwa linauma zaidi, kwa sababu Waziri hapati cha kubishana nacho isipokuwa ukweli wenyewe.

Swali la msingi hupelekwa mapema, na jibu huandikwa na watu ambao hutawaona kamwe. Waziri, au mara nyingi Naibu Waziri, analisoma tu. Cha kumpima yeye mwenyewe ni swali la nyongeza, kwa kuwa hajaliona. Na hapo ndipo nafasi nyingi hupotea. Sikiliza Bunge lolote linaloendeshwa kwa Kiswahili utasikia: "Nakushukuru kwa kunipa nafasi. Nashukuru pia kwa majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, pamoja na majibu hayo nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu mazuri! Dakika moja iliyopita Naibu Waziri amekataa kutaja hata shilingi moja, na sasa Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, itaonyesha kwamba muulizaji aliyaita mazuri. Adabu ni jambo jema, na kiti lazima kishukuriwe. Jibu halihitaji kusifiwa. Na kwa nini maswali yawe madogo?

Nyongeza nzuri huandaliwa kabla, kwa matawi. Akitaja kiasi, nauliza nani alikipokea na lini. Akisema hakuna kilichotolewa, nauliza mkandarasi aliambiwa nini na nani atalipa riba ya kuchelewa. Akikwepa, nasoma upya swali la msingi neno kwa neno, kisha nakaa. Hilo la mwisho wabunge hawalipendi kwa sababu linaonekana kama uvivu, nami ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ukumbi mzima husikia kwamba swali bado liko palepale.

Kuna mabunge ambayo hayatoi taarifa ya mapema kabisa. Kanada ina dakika 45 kila siku ya kikao, na kila swali na kila jibu hupewa sekunde 35 hivi. Uingereza ilianza kumtengea Waziri Mkuu muda maalumu mwaka 1961, mara mbili kwa wiki, na mwaka 1997 vipindi viwili vikaunganishwa kuwa kimoja cha nusu saa kila Jumatano. Vipindi hivi hutazamwa na watu wengi, na vinasaidia kuonyesha nani anatetemeka. Kwa kupata habari, hapana. Ningepewa kuchagua kati ya nusu saa ya kelele na jibu moja la maandishi lenye jedwali, ningechukua jedwali.

Jedwali hilo lina nguvu kwa sababu linabaki. Mwaka 1957 nchini India, maswali yaliulizwa Lok Sabha, baraza la chini la Bunge, kama shirika la bima ya maisha la serikali limenunua hisa katika kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra. Jibu lilikuja la kuzungukazunguka. Feroze Gandhi alilishikilia. Alikuwa wa chama tawala, tena mkwe wa Waziri Mkuu Nehru, na hakuachia: shirika liliweka zaidi ya rupia milioni 12 kwenye kampuni zilizokuwa na hali mbaya, kwa amri ya nani? Uchunguzi wa hadharani ukaundwa chini ya Jaji Chagla, na Februari 1958 Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, akajiuzulu. Watu hukumbuka hotuba. Mimi hukumbuka kwamba jibu la kwanza, lile la kukwepa, ndilo lililowapa pa kuanzia.

Uongo wa moja kwa moja ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Kinachozoeleka zaidi ni jibu ambalo kila neno lake linaweza kutetewa, na kwa jumla linapotosha. Mwishoni mwa 1988 serikali ya Uingereza ililegeza kimyakimya mwongozo wake wa kuuza zana za kijeshi Iraq, huku wabunge waliouliza wakiendelea kujibiwa kana kwamba mwongozo ni ule ule. Ripoti ya Jaji Scott ilipotoka Februari 1996, iliyachambua majibu hayo moja baada ya jingine. Serikali ilinusurika kwenye kura kwa 320 dhidi ya 319. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha azimio: Waziri atoe taarifa sahihi na za kweli, arekebishe kosa mapema iwezekanavyo, na anayelipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kutoa barua ya kujiuzulu. Kwa hiyo jibu lililoandikwa ni kiapo cha aina yake, hata kama aliyelisoma hakulitazama kabla ya kifungua kinywa.

Je, akikataa kujibu? Sababu huwa mbili, usalama wa taifa na siri za biashara, na ya pili hutumiwa ovyo. Wabunge wa chama cha Kijani nchini Ujerumani waliuliza mwaka 2010 kuhusu shirika la reli, Deutsche Bahn, ambalo hisa zake zote ni za serikali, na kuhusu usimamizi wa mabenki. Serikali ikajibu nusunusu. Walikwenda Mahakama ya Katiba, na Novemba 2017 ikaamua kwamba serikali ilivunja wajibu wake wa kujibu. Miaka saba! Lakini sasa anayeficha mali ya umma nyuma ya jina la kampuni huko ana hukumu ya kuikabili.

Na kuna mazingira ambamo swali haliwezi kumng'oa mtu. Helen Suzman alikaa peke yake kama mbunge wa chama chake kwenye Bunge la makaburu, Afrika Kusini, kuanzia 1961 hadi 1974, bila kura za kuzuia sheria hata moja. Akauliza: wangapi wamefungwa, wangapi wamekamatwa kwa pasi, vile vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Alipolaumiwa kwamba anaiaibisha nchi, alijibu kwamba kinachoaibisha si maswali yake, ni majibu yao. Takwimu alizozipata zilisomwa na dunia nzima, zikiwa na muhuri wa serikali yenyewe.

Maswali yana soko lake pia, na ningekuwa mnafiki kunyamaza. Desemba 2005 India iliwafukuza wabunge 11 walionaswa kwa kamera wakipokea fedha ili waulize. Ninapoletewa swali linalotaja zabuni moja na mshindani mmoja kwa jina, huuliza kwanza nani aliliandika.

Nina daftari la kalenda ambalo halina mikutano wala siku za kuzaliwa. Kila Waziri anapotaja tarehe ukumbini, naiandika humo pamoja na ukurasa wa Hansard. Wiki iliyopita imefika moja: daraja, liliahidiwa miezi 14 iliyopita. Rasimu iko tayari, ina mistari miwili. Wa kwanza unanukuu jibu lake, wa pili unauliza mkandarasi amelipwa asilimia ngapi ya fedha zake.