Kisukari na Majibu ya Damu Yasiyopatana: Maswali na Majibu

Mama mmoja wa miaka 52 anayeishi Ahero na kuuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, Kisumu, ana karatasi mbili za majibu ya damu zilizomnyima usingizi. Kliniki ya mtaani ilimpima sukari ya kidole asubuhi kabla hajala, ikapata 8.9. Siku nne baadaye maabara kubwa ilitoa damu ya mshipa, naye akiwa hajala, ikapata 7.4, na kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, kikasoma asilimia 5.9. Kliniki ilimwambia ana kisukari na kumwandikia metformini, dawa ya kushusha sukari, ambayo bado hajaanza kuimeza. Jirani aliyeisoma karatasi ya pili alimwambia hana. Maswali yafuatayo ni yake.

Swali: Kati ya 8.9, 7.4 na 5.9, namba ipi ndiyo ya kweli?

Jibu: Huenda zote ni za kweli, kwa kuwa hazipimi kitu kimoja. Mbili za kwanza ni kiasi cha sukari kilichokuwamo ndani ya damu saa ile ile ilipotolewa, na huandikwa kwa milimoli kwa lita. Ya tatu ni asilimia ya hemoglobini, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, iliyoshikwa na sukari. Kusema kwamba 5.9 ni ndogo kuliko 7.4 ni kama kulinganisha kilo na mita. Kila kipimo kina mpaka wake: sukari ya mshipa kabla ya kula huhesabiwa kuwa ya kisukari ikifika 7.0, na HbA1c ikifika asilimia 6.5. Kwa hiyo karatasi ya maabara inasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba sukari yako ya asubuhi imevuka mpaka na kwamba HbA1c yako haijavuka. Huko ndiko kupingana kwenyewe, na kunahitaji kuelezwa.

Swali: Lakini mbona ya kidole na ya mshipa zilitofautiana, na zote nilipimwa kabla ya kula?

Jibu: Tofauti hiyo si ya kukutia hofu. Sukari ya asubuhi haiwi ile ile kila siku hata kwa mtu asiyebadilisha chakula. Zaidi ya hayo, kiwango cha kimataifa cha glukometa, yaani mashine ya kupima sukari ya kidole, huruhusu majibu kukosea hadi asilimia 15 juu au chini, maana yake sukari ambayo hasa ni 8.0 inaweza kusomeka popote kati ya 6.8 na 9.2 na mashine ikahesabiwa kuwa nzima. Aliyemenya embe asinawe kabla ya kuchomwa kidole hupimwa sukari ya embe. Mtu mwenye upungufu wa damu naye, kwa glukometa nyingi, husomeka juu kuliko hali yake.

Damu ya mshipa ina udhaifu wake pia, ingawa huelekea upande wa pili. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa, na joto huzidisha kasi hiyo. Ndiyo sababu damu ya kupimia sukari huwekwa katika chupa yenye kifuniko cha kijivu, iliyotiwa floraidi ya kuzuia ulaji huo, na hata floraidi huchukua saa kadhaa kufanya kazi sawasawa. Iwapo damu yako ilikaa mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri katika joto la Kisumu, basi 7.4 inaweza kuwa pungufu ya ukweli. Kuwa imezidi si rahisi.

Swali: Jirani anasema HbA1c ndiyo ya kuaminika kwa sababu haidanganywi na chakula cha jana. Amekosea?

Jibu: Hajakosea kuhusu chakula. Amesahau kwamba kipimo hicho kinaweza kudanganywa na damu yenyewe, jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya ziwa tungepaswa kulijua kabla ya watu wengine.

Sukari hujibandika kwenye hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hiyo huishi takriban siku 120. Kadiri inavyoishi ndivyo inavyozidi kushika sukari. Wewe unaijua biashara ya omena: aliyeanikwa nusu siku hawezi kukauka kama aliyeanikwa siku mbili, ingawa jua ni lile lile. Vivyo hivyo, chembe zikifa mapema, damu hujaa chembe changa ambazo hazijapata muda wa kushika sukari nyingi, na asilimia hushuka hali sukari yenyewe haijashuka.

Umesema kwamba ulilazwa kwa malaria wiki tano kabla ya vipimo hivi. Malaria huvunja chembe nyekundu, na mwili hutengeneza nyingine mpya kwa wingi kufidia zilizopotea. Umesema pia kwamba mjukuu wako ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Jeni ya selimundu imeenea sana katika eneo la Ziwa Victoria kwa sababu mtu aliyerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofanywa kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, ulionyesha kwamba wenye nakala moja husomeka chini kwa takriban asilimia 0.3 kwenye HbA1c wakiwa na sukari ile ile. Kwako, ikiwa nawe unaibeba, hiyo peke yake ingeiinua 5.9 hadi 6.2 tu, kwa hiyo siwezi kuitwika jeni lawama yote. Lakini ukiongeza malaria, picha inaanza kueleweka.

Kuna hesabu moja ambayo mimi huitazama kabla ya yote. HbA1c ya asilimia 5.9 hulingana na wastani wa sukari wa karibu 6.8 usiku na mchana. Sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa kawaida huwa miongoni mwa zile za chini kabisa katika siku, na yako ni 7.4. Wastani utakuwaje chini ya hiyo, wakati baada ya ugali na chai ya sukari damu hupanda zaidi? Hapo ndipo ninapoitilia shaka 5.9.

Wapo pia wanaodanganywa kwa upande wa pili. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha HbA1c bila sukari kupanda. Kutiwa damu, ujauzito, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi navyo huivuruga.

Swali: Nitakuwaje na selimundu na sijawahi kuugua?

Jibu: Kubeba nakala moja si kuugua, wengi huzeeka bila kujua. Mjukuu wako alirithi nakala kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa hiyo mtoto wako ni mbebaji, naye aliipata kwako au kwa mume wako. Huo ni uwezekano, haujawa uhakika. Kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini, kiitwacho elektroforesisi, hutoa jibu, na ukipimwa mara moja hutahitaji kurudia.

Swali: Basi kipimo gani kitakata shauri?

Jibu: Vipimo viwili vya aina tofauti visipopatana, kanuni ni kurudia kile kilichovuka mpaka. Kwako ni sukari ya mshipa kabla ya kula, ipimwe siku nyingine, ukiwa umekaa angalau saa 8 bila kula wala kunywa kitu isipokuwa maji. Ikifika 7.0 tena, ugonjwa umethibitika, hata kama HbA1c itabaki pale pale. Ikikaa chini ya mpaka, daktari anaweza kuagiza unywe gramu 75 za glukosi katika maji na upimwe baada ya saa 2, ambapo mpaka ni 11.1. Sukari ya kidole hutumika kufuatilia ugonjwa, wala haitoshi kuuthibitisha kwa mtu asiye na dalili kama wewe. Kurudia HbA1c sasa hivi, kwa maoni yangu, ni kupoteza fedha. Ngoja miezi mitatu ipite tangu malaria.

Swali: Binti yangu amenitumia mashine kutoka Marekani, ikaonyesha 146. Nife?

Jibu: Hapana. Mashine za huko huhesabu kwa miligramu. Gawanya kwa 18, utapata 8.1.

Swali: Nianze dawa au ningoje?

Jibu: Hilo uliamue pamoja na daktari ukiwa na karatasi zote mbili mkononi, wala si kwa neno la jirani wala langu. Mweleze tarehe ya malaria, hali ya mjukuu, na dawa yoyote uliyomeza, hasa prednisoloni, ambayo hupandisha sukari. Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika au kuhema kwa kasi, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikithibitika kwamba una kisukari na pia unabeba jeni ya selimundu, mwombe aandike jambo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chako cha kliniki, ili kila atakayesoma HbA1c yako baadaye ailinganishe na zako za awali pamoja na sukari unayojipima nyumbani.