PlatinumGames: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye gemu

Kwenye banda la gemu la mtaani kwetu muda uliuzwa kwa mechi, na gemu ilikuwa mpira. Siku moja mwenye banda akaweka Bayonetta, gemu ya mchawi wa kike anayepigana na malaika, kwenye PS3. Tulikuwa sita. Kila aliyeshika pedi alibonyeza vyote vinavyobonyezeka, akafa mara tatu, akampa mwenzake. "Hii ya kubonyezabonyeza tu," akasema mmoja, na mpira ukarudishwa. Nilikubaliana naye. Ilinichukua miaka, na konsoli yangu mwenyewe, kugundua kwamba siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeicheza.

Tangu hapo nimeyasikia mengi kuhusu studio iliyoitengeneza, PlatinumGames ya Osaka, Japani. Mengine ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayosumbua.

"Ni kubonyezabonyeza vitufe"

Katika daraja rahisi la Bayonetta, ukibonyeza ovyo utapita. Kuna hata mtindo wa Automatic ambao gemu inakupangia kombo, yaani mapigo yanayofuatana, yenyewe, umewekwa makusudi ili mgeni wa pedi naye afike mwisho. Ila kila pambano likiisha unapewa medali, kuanzia ya jiwe hadi Pure Platinum, kwa kupimwa muda uliotumia, kombo zako na kipigo ulichokula. Sisi bandani tulikuwa watu wa jiwe.

Chukua kombo moja fupi. Pembetatu ni ngumi, duara ni teke. Ukipiga pembetatu, duara, pembetatu, pigo la tatu linaita ngumi kubwa kama mlango, iliyofumwa kwa nywele za Bayonetta mwenyewe. Sasa umeshapiga mawili, na malaika aliye pembeni anainua shoka. Katika gemu nyingi ukikwepa tu, kombo imekufa, anza moja. Hapa unabaki umeshikilia duara, kidole kingine kinagusa R2 ukwepe, kisha unamalizia pembetatu. Ngumi ya nywele inatoka kana kwamba hakuna aliyekukatiza. Hiyo inaitwa Dodge Offset. Na kama ulikwepa shoka likiwa limebakiza unywele kukugusa, dunia inakwenda polepole kwa muda mfupi, ndiyo Witch Time, na ngumi inamkuta malaika kama sanamu. Kidole gumba kimeshikilia, cha shahada kinakwepa, jicho liko kwenye shoka. Mpiga ngoma ataelewa ninachosema haraka kuliko mcheza gemu za mpira.

Hata hivyo, lawama zote zisiende kwa wachezaji. Studio hii inajua kubuni kuliko kufundisha. Katika Metal Gear Rising: Revengeance ya 2013, kukinga ni kusukuma kijiti kuelekea kwa adui na kupiga pigo jepesi kwa wakati huohuo. Fundisho lake linapita kama basi lisilosimama kituoni, halafu unakutanishwa na Blade Wolf, mbwa wa chuma asiye na huruma kwa aliyesinzia darasani. The Wonderful 101, ya mwaka huohuo kwenye Wii U, inakutaka uchore maumbo kwa kundi zima la mashujaa huku unashambuliwa. Ukiielewa ni raha tupu. Wengi waliishia njiani, na siwacheki.

"Devil May Cry ni yao"

Siyo. Gemu hiyo ni ya kampuni ya Capcom, na ya kwanza ilitoka 2001. Mkanganyiko unaletwa na Hideki Kamiya, aliyeiongoza ile ya kwanza akiwa mwajiriwa wa Capcom. Mwaka 2006 yeye, Shinji Mikami na Atsushi Inaba walianzisha kampuni ndogo ya Seeds. Mwaka 2007 ikaungana na Odd ya Tatsuya Minami, na jina likawa PlatinumGames. Damu ni moja, nyumba mbili.

"Fupi mno, hela ya bure"

Rising unaimaliza jioni moja au mbili. Vanquish ya 2010 hivyohivyo. Anayehesabu thamani kwa saa ataona ameibiwa. Lakini gemu hizi zimejengwa kwa kurudiwa, na mara ya pili unakuta mambo mengine. Daraja la juu kabisa la Bayonetta linaitwa Non-Stop Infinite Climax, na humo kukwepa hakukupi tena Witch Time. Wanakunyang'anya fimbo uliyotembelea safari nzima. Maadui wale wale, ila wewe sasa uchi.

Kasoro yenyewe naiona kwingine. Gemu ya kurudiwa haitakiwi kuwa na vipande vinavyochosha kurudiwa, na Bayonetta ya kwanza inavyo: mbio ndefu za pikipiki, kisha safari ya kupanda kombora isiyotaka kuisha. Halafu kuna ile tabia ya kukuonyesha kitufe ghafla katikati ya filamu, umekaa umeegemea kiti. Ukichelewa, umekufa, na tuzo yako inashuka. Naipenda sana gemu hii, na bado kipande cha kombora huwa nakicheza huku nanung'unika.

"Waliwasaliti mashabiki wakaenda Nintendo"

Bayonetta ni mali ya Sega, walioilipia ile ya kwanza mwaka 2009. Ya pili ilipokwama kwa kukosa wa kuilipia, Nintendo wakatoa fedha, ikatoka 2014 kwenye Wii U. Bila Nintendo isingekuwapo. Hiyo ndiyo hali yao ya kila siku: wanaotengeneza ni wao, wanaomiliki ni wengine. Nier: Automata ya 2017, iliyowapa sifa kubwa, ni ya Square Enix, na hadithi yake imetoka kwa Yoko Taro, ambaye si mtu wa studio. Scalebound waliyokuwa wakiitengenezea Microsoft ilifutwa Januari 2017, ikaishia hapo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2020 walipochangisha fedha kwa mashabiki ili kuitoa upya The Wonderful 101, lengo la dola 50,000 lilipitwa ndani ya saa chache.

"Jina likiwepo, gemu ni nzuri"

Ningependa iwe hivyo. Kazi zao za tenda zinapanda na kushuka. Transformers: Devastation ya 2015 ni tamu. Teenage Mutant Ninja Turtles ya mwaka uliofuata ni ya kuharakishwa, na haikukaa sokoni hata mwaka mmoja. Babylon's Fall ilizinduliwa Machi 2022 ikiwa ya mtandaoni, ikazimwa Februari 2023. Aliyeilipia bei kamili leo hana cha kuwasha.

Kiufundi nako usiape. Bayonetta ya kwanza waliitengeneza kwa ajili ya Xbox 360, na kazi ya kuihamishia PS3 ikafanywa na Sega. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikapungua, kusubiri kukaongezeka. Jarida la Famitsu la Japani liliipa ya Xbox alama 40 kwa 40, ya PS3 ikapata 38, na baadaye Inaba, yule mwanzilishi, alikiri hadharani kwamba toleo lile lilikuwa kosa lao kubwa. Ndilo tulilokuwa nalo bandani.

"Kamiya ameondoka, wamekwisha"

Aliondoka 2023, na pengo lipo. Ila tazama majina ya waongozaji: Bayonetta 2 ni ya Yusuke Hashimoto, Rising ni ya Kenji Saito, Astral Chain ya 2019 ni ya Takahisa Taura. Mikono ilikuwa mingi tangu zamani, mdomo mkubwa ndio ulikuwa mmoja. Oktoba 2025 wakatoa Ninja Gaiden 4 kwa kushirikiana na studio ya Team Ninja, yenye kasi ileile na ukatili uleule kwa anayebonyeza ovyo. Nayo pia ni mali ya wengine.