Kulaani: Neno la Mzee Aliyekasirika na la Tamko la Serikali

Arusha ni mji wa matamko. Ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ndipo ilipoketi Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Watafsiri na maofisa habari wa hapa hukikuta kitenzi kulaani karibu kila vurugu au mauaji yanapotolewa taarifa, na si wote wanaokitumia kwa uangalifu.

Asili yake ni Kiarabu, la'ana, yaani kumtakia mtu awekwe mbali na rehema ya Mungu. Irabu mbili zilizofuatana zimeshika nafasi ya sauti ya koo iitwayo ain, kama ilivyo katika maneno "maana", "baada" na hilo neno "taarifa" lenyewe. Anayeandika "kulani" amekosea tahajia.

Maana hiyo ya kwanza ingali hai. Mwambie mkazi wa Machame au wa Meru kwamba fulani amelaaniwa, naye hatafikiria tamko lolote la serikali, bali laana ya mzazi au ya mzee aliyeudhiwa, jambo linalohitaji maombi au tambiko ili liondoke. Msomaji wa Biblia naye atamkumbuka nyoka wa Mwanzo 3:14: "umelaaniwa wewe". Lakini sema "mauaji hayo yamelaaniwa vikali", na hakuna atakayedhani kwamba mauaji yametupiwa laana.

Kwa maoni yangu, kinachotenganisha maana hizi mbili ni yule au kile kinachotendwa: kitenzi kikielekezwa kwa mtu huvuta laana, kikielekezwa kwa tendo hutoa shutuma rasmi. (Shutuma nayo ilianza kama matusi katika Kiarabu, ikapata heshima huku kwetu.) Ofisini jambo ni jingine, kwa sababu mkuu hamlaani mtumishi wake, humpa onyo au karipio, kwa barua inayotaja kosa.

Kwa hiyo ninaposahihisha rasimu yenye sentensi "tunamlaani dereva aliyesababisha ajali", huirekebisha iwe "tunalaani uzembe uliosababisha ajali", na dereva huachiwa mahakama.