Yeye kapata 9.8, mimi nimepata 10.8: tunalinganishaje majibu ya mtihani wa vitendo?

Kila Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne wakitoka maabara baada ya Fizikia ya vitendo, swali huwa moja: "Umepata ngapi?" Namba wanayoulizana ni g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, ambayo kitabu husema ni 9.8. Mmoja kapata 9.8, mwingine 9.6, wa tatu 10.8. Mwenye 9.8 anatembea kifua mbele. Mwenye 10.8 ananyamaza, na jioni unamkuta hajala wala hajagusa madaftari ya Kemia ya kesho. Nafundisha Fizikia na maabara ya shule iko chini yangu, na jambo hili linaniuma kweli, kwa sababu mara nyingi yule aliyenyamaza kapoteza kidogo sana kuliko anavyodhani. Wanachokosea wote wawili ni namna ya kulinganisha. Wanalinganisha namba ya mwisho, na katika mtihani wa vitendo namba ya mwisho ndiyo inayosema machache kuliko vyote.

Chukua pendulamu, jaribio ambalo kila mwanafunzi wa Fizikia Tanzania amelifanya. Unafunga gololi ya chuma kwenye uzi, unauning'iniza kwenye stendi, unapima urefu l, unaisukuma kidogo, unahesabu ikienda na kurudi mara 20 huku saa inatembea. Gawanya muda kwa 20, unapata T, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja. Rudia kwa urefu mbalimbali, chora grafu ya T² dhidi ya l, tafuta mwinamo wa mstari, yaani T² inapanda kiasi gani kwa kila mita moja ya l. Mwinamo huo ni 4π²/g, kwa hiyo g ni 39.48 ugawanye kwa mwinamo. Kila kitu kikienda sawa, mwinamo unakaribia 4.03 na g inakuja 9.8.

Sasa tumtazame huyu wa 10.8. Akiwa na uzi wa sentimita 50, gololi inatakiwa kwenda na kurudi mara 20 kwa sekunde 28.4. Kwenye jedwali lake kuna 27.0. Saa haikuharibika. Alipoachia gololi na kubonyeza saa, alisema "moja" papo hapo, kabla gololi haijaenda popote. Alipofika "ishirini" gololi ilikuwa imekwenda na kurudi mara 19 tu. Gawanya 27.0 kwa 20, unapata T ya 1.35 badala ya 1.42, na g inaruka hadi 10.8. Dawa yake ni kuanza kuhesabu na "sifuri" wakati wa kubonyeza saa, na "moja" ije gololi ikirudi kwa mara ya kwanza.

Angalia alivyochora grafu yake. Kwa kuwa alihesabu vilevile kwa kila urefu, T zake zote zimepungua kwa uwiano uleule, 19 kwa 20. Nukta zake zimepangika vizuri kuzunguka mstari mnyoofu, na mstari unapita kwenye sifuri kama kitabu kinavyosema. Mwinamo ni 3.64. Hakuna kitu kwenye grafu kinachomwambia kuna tatizo. Ukiiangalia bila kujua g, ungesema ndiyo grafu safi kuliko zote darasani.

Rafiki yake wa 9.8 alifanya kosa la aina nyingine. Alipima uzi kuanzia kwenye stendi hadi pale uzi unapoigusa gololi, akasahau kwamba urefu wa pendulamu unaishia katikati ya gololi. Gololi ikiwa na nusu kipenyo ya sentimita 1, kila l yake ni fupi kwa sentimita 1. Mstari wake haupiti kwenye sifuri, unakata mhimili wa T² juu kidogo, kwenye 0.04. Hata hivyo mwinamo haujaguswa, kwa sababu l zote zimesogea kwa kiasi kilekile, na mwinamo hujali tofauti kati ya l moja na nyingine. Kwa hiyo kapima vibaya kila urefu, na bado g yake imetoka 9.8.

Mtu huyohuyo, kwa vipimo vilevile, angeacha grafu na kukokotoa g kwa urefu mmoja tu wa sentimita 20, angepata muda wa sekunde 18.4, T² ya 0.846, na g ya 9.33. Hapo ndipo utaona kwa nini swali husema "kwa kutumia grafu yako". Grafu inameza makosa ya aina fulani ambayo hesabu ya nukta moja haiwezi kuyameza. Kwa hiyo kabla ya kushindana 9.8 na 9.3, ulizaneni kwanza: umetumia mwinamo au umechukua nukta moja? Na kama ni mwinamo, pembetatu uliyochora kwenye mstari ili kuutafuta ilikuwa kubwa kiasi gani? Pembetatu ndogo iliyobanwa kwenye kona ya grafu huzidisha kosa lolote la kusoma mhimili.

Ninaposahihisha mtihani wa majaribio shuleni kwetu, swali kama hili alama zake nyingi ziko njiani: jedwali lenye vipimo na vizio, usahihi wa desimali unaofanana safu nzima, mihimili yenye majina, skeli inayojaza karatasi, nukta zilizowekwa mahali pake, mstari unaopita katikati ya nukta, mwinamo uliotoka kwenye mstari huo na si kwenye nukta mbili za jedwali, halafu vyanzo vya makosa na tahadhari. Kijana wa 10.8 aliyefanya haya yote ana alama zake. Kijana wa 9.8 aliyechora grafu bila vizio na skeli ya ajabu amezipoteza, na namba yake nzuri haimrudishii.

Kemia nayo ina kichekesho chake, ingawa kwa wahusika si cha kuchekesha. Kwenye taitresheni, yaani kumimina tindikali kidogo kidogo kwenye besi hadi zimalizane, mmoja anasema kapata 25.0, mwenzake 20.0, na pale pale mmoja anaanza kulia. Hakuna aliyeuliza ukubwa wa pipeti, mrija wa kupimia besi. Tindikali na besi zikiwa na molari (ukolezi) sawa na zikimezana kwa uwiano wa 1:1, mfano HCl na NaOH, aliyetumia pipeti ya sentimita za ujazo 25 atamimina 25 kutoka kwenye bureti (mrija mrefu wenye tindikali), na aliyetumia ya 20 atamimina 20. Wote wako sahihi. Kinachotakiwa kufanana ni molari waliyokokotoa mwishoni. Ndiyo maana karatasi humtaka mtahiniwa aandike ujazo wa pipeti aliyotumia.

Wawili waliotumia pipeti moja wakitofautiana, tafuteni kwenye kuosha vyombo. Bureti iliyosuuzwa kwa maji na kujazwa tindikali bila kusuuzwa kwanza kwa tindikali hiyo, inaipunguza nguvu, na unamimina zaidi. Chupa ya koni iliyosuuzwa kwa besi badala ya maji yaliyotoneshwa inabakiza besi ya ziada, na unamimina zaidi vilevile.

Kuna jambo ambalo "umepata ngapi" hulizaa na ambalo ni baya kuliko wasiwasi wa jioni moja. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kwamba 9.8 ndiyo heshima, akiona vipimo vyake vinampeleka 10.8, huanza kupika data. Anarudi nyuma kutoka kwenye jibu, anatengeneza T zinazokubali. Vijana, data ya kupikwa ina harufu. Mkono wa binadamu kwenye saa hukosea sehemu kadhaa za kumi za sekunde, kwa hiyo vipimo vya kweli hutawanyika kidogo kuzunguka mstari. Nikiona nukta sita zote zimekaa juu ya mstari kama zimepigwa rula, na muda wote unaishia .00 au .50, najua saa haikutumika. Kipimo cha kweli kilichokosea kina thamani, kwa sababu kinaweza kufuatiliwa hadi kosa lilipo. Cha kupikwa hakifuatiliki popote.

Na wakati mwingine kipimo kilichotofautiana na cha wengine ndicho chenye habari. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa yake ya pendulamu ilikwenda sawa Paris, lakini kule ikawa inachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku, mpaka akalazimika kufupisha pendulamu kwa milimita chache. Aliporudi, wapo waliodhani amepima vibaya, wengine wakasema joto limerefusha fimbo. Richer hakuisahihisha namba yake ifanane na ya Paris. Newton, mwaka 1687, aliitumia kama ushahidi kwamba uvutano ni mdogo zaidi karibu na ikweta, kwa kuwa dunia inazunguka na imetuna katikati. Leo tunajua g kwenye pwani yetu ni karibu 9.78, na kwenye ncha za dunia karibu 9.83. Stopwochi zetu za shule haziwezi kuonyesha tofauti hiyo. Lakini ndiyo hiyo, 9.8 tunayoiabudu ni namba iliyokadiriwa, na hapa tunapoishi si hiyo hasa.

Pepa ya nadharia ina mtego wake mwingine, nao ni wingi wa kura. Watano wakisema B na mmoja akisema C, wa C anaanza kujilaumu. Lakini hao watano mara nyingi walikaa diskasheni moja na walisoma kitini kimoja. Wakikosea, watakosea pamoja. Swali la barafu inayoelea kwenye glasi ya maji huwaangusha hivyo karibu kila darasa: barafu ikiyeyuka, maji yatapanda, yatashuka au yatabaki palepale? Wengi watakwambia yatapanda. Lakini kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Barafu ikishayeyuka ni maji ya uzito uleule, na yanajaza nafasi ileile iliyokuwa imesukumwa. Yanabaki palepale. Hapo kura za watano hazina kazi, kazi iko kwenye sababu, na aliye peke yake akiweza kuieleza, wenzake wamsikilize.

Angalieni pia thamani mliyopewa mwanzoni mwa karatasi. Kitu cha kilo 5 kina uzito wa 50 N ukitumia g ya 10, na 49 N ukitumia 9.8. Nimeona marafiki wakinuniana kwa hiyo newtoni moja, na karatasi ilikuwa imesema watumie ipi.

Siwakatazi kujadili pepa. Wanafunzi wataijadili tu, na mjadala mzuri unafundisha kuliko vipindi vyangu vingi. Ninachowaomba ni kwamba anayetaka kujua kama kapatia aje na safari nzima: urefu alioupima na alianzia wapi kuupima, muda wa kila urefu, idadi aliyohesabu na alianza na namba gani, mwinamo, vizio. Wawili wakiweka hivyo vitu mezani, dakika kumi zinatosha kuona tofauti imetoka wapi, na hakuna anayelia. Na kama kesho kuna pepa nyingine, andikeni vipimo mnavyovikumbuka kwenye karatasi mara tu mnapotoka, kabla maneno ya wenzenu hayajachanganyika na yenu, muiweke ndani ya daftari, mkale, mkasome Kemia. Siku ya pepa ya mwisho maabara yangu huwa wazi kuanzia saa nane mchana. Njooni na karatasi hizo, tutafunga uzi wa sentimita 50 na kuhesabu kuanzia sifuri.